Ernst May: Mjenzi wa Frankfurt aliyelima kahawa Arusha, na somo la msingi usiopandisha unyevu

WAPO wakazi wengi wa Arusha na vijiji vya Mlima Meru ambao wamejenga nyumba nzuri ya tofali, wakaezeka bati la rangi na kuweka vigae sakafuni, lakini baada ya masika mawili au matatu rangi ya chini ya ukuta inaanza kubanduka. Plasta inatoa unga mweupe. Kabati lililoegemezwa ukutani lina kuvu kwa nyuma, na gunia la mahindi lililokaa chini limeota ukungu. Mara nyingi mwenye nyumba humlaumu fundi rangi. Kosa lilifanyika siku nyingi kabla ya rangi, wakati mtaro wa msingi ulipokuwa bado wazi.

Kwa mfanyabiashara mdogo hasara ni kubwa zaidi. Saruji iliyopangwa kwenye sakafu yenye unyevu huganda kabla haijauzwa, mbolea ya urea hushikana mabonge, na mbegu hupoteza uwezo wa kuota. Nyumba au fremu ya duka ndiyo mali kubwa kuliko zote kwa watu wengi, na mara nyingi imejengwa kwa mkopo au kwa mauzo ya kahawa ya misimu kadhaa.

Ndiyo maana leo tunamwangalia mtu aliyetumia maisha yake yote kutafuta jibu la swali moja: mwenye kipato kidogo atapataje nyumba kavu, yenye mwanga na hewa, kwa fedha anazoweza kulipa? Mtu huyo ni Ernst May, Mjerumani ambaye wasanifu majengo wa dunia nzima wanamsoma vyuoni. Jambo ambalo wengi hapa kwetu hawalijui ni kwamba aliwahi kuwa mkulima wa kahawa karibu na Arusha.

Alikotoka

May alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, Julai 27, 1886. Alisomea usanifu majengo nyumbani na Uingereza, na kati ya mwaka 1910 na 1912 alifanya kazi katika ofisi ya Raymond Unwin, Mwingereza aliyekuwa bingwa wa kupanga vitongoji vyenye bustani. Unwin ndiye aliyepanga kitongoji cha Hampstead kaskazini mwa London.

Wakati ule wafanyakazi wa viwandani katika miji ya Ulaya waliishi wakibanana katika vyumba vya giza na majimaji. Kifua kikuu kiliua watu wengi, na madaktari walikuwa wakipiga kelele kuhusu makazi mabovu. Uingereza ilikuwa imeanza tangu karne ya 19 kudai katika kanuni zake za ujenzi kwamba kila ukuta uwekewe tabaka la kuzuia unyevu juu kidogo ya usawa wa ardhi. Mafundi walitumia lami, au mawe bapa yasiyopitisha maji yaliyopangwa mistari miwili. Hilo ndilo chimbuko la ile karatasi ambayo leo maduka ya vifaa vya ujenzi ya Arusha huiita DPC.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ambayo May alipigana akiwa askari, alipewa kazi Silesia, eneo ambalo leo sehemu yake kubwa iko Poland. Kuanzia mwaka 1919 hadi 1925 aliongoza shirika la kujenga nyumba za vijijini. Wateja wake walikuwa wakulima wadogo na wakimbizi waliopoteza makazi yao. Makaa ya mawe yalikuwa adimu, hivyo matofali ya kuchoma na saruji navyo vilikuwa haba. May alijifunza kuchora nyumba chache za mfano, kuzirudia mara nyingi kwa vipimo vile vile, na kuiunganisha kila nyumba na bustani na banda la mifugo.

Hapo ndipo alipojenga tabia iliyomfuata maisha yake yote. Alianza kuhesabu ni kitu gani katika nyumba kinaweza kuongezwa baadaye fedha zikipatikana, na ni kitu gani lazima kiwe sahihi tangu siku ya kwanza.

Frankfurt: bustani bondeni, nyumba juu

Mwaka 1925 alirudi Frankfurt kuwa mkuu wa ujenzi wa jiji. Katika miaka mitano jiji lilijenga zaidi ya nyumba 10,000 chini ya usimamizi wake. Ndani ya nyumba hizo liliwekwa jiko dogo lililochorwa mwaka 1926 na msanifu Margarete Schütte-Lihotzky wa Austria, ambalo wataalamu wanalitaja kuwa mama wa majiko ya kisasa ya kujengea ukutani.

Kwa msomaji wa ukurasa huu, lililo muhimu zaidi ni jinsi alivyotumia ardhi. Mto Nidda unapita kaskazini magharibi mwa jiji, na bonde lake lilikuwa likijaa maji. May hakupeleka nyumba bondeni, ingawa ardhi ilikuwa wazi. Kitongoji cha Römerstadt, kilichojengwa mwaka 1927 na 1928, kilikaa kwenye mwinuko juu ya bonde, kikiwa na ukuta wa kuzuia udongo upande wa mto. Ardhi ya chini, yenye unyevu na rutuba, iliachwa kwa bustani za mboga za wakazi na maeneo ya mapumziko. Mpangilio huo unaonekana hadi leo.

Mkulima wa Meru anaujua mpango huo bila kufundishwa na Mjerumani. Wazee walipanda magimbi na migomba palipo na maji, nyumba wakaiweka penye mwinuko. Siku hizi viwanja vinauzwa kwa vipande, na mtu hununua kile alichokimudu, hata kama ni kile kipande kilichokuwa shamba la magimbi. Hapo msingi unapaswa kufanya kazi ambayo zamani ilifanywa na uchaguzi wa mahali.

Jambo la pili la Frankfurt linahusu mawe ya volkano. Kuanzia mwaka 1926 jiji lilikuwa na karakana iliyotengeneza mabamba makubwa ya ukuta, urefu mita 3, kimo mita 1.1 na unene sentimita 20. Hayakutengenezwa kwa kokoto za kawaida. Yalichanganywa na pumisi, lile jiwe jepesi la volkano lenye vitundu kama sponji ambalo watu husugulia visigino. Pumisi ya Ujerumani hutoka karibu na Mto Rhine, mahali palipolipuka volkano zamani. Vitundu vyake hushika hewa, na hewa iliyotulia haipitishi baridi kwa urahisi. Kreni ililiweka bamba moja juu ya jingine na kuta za nyumba zilisimama ndani ya siku chache.

Hata hivyo ni sehemu ndogo tu ya nyumba za Frankfurt iliyojengwa kwa njia hiyo, nyingine nyingi zilijengwa kwa matofali. Teknolojia mpya ilikuwa nzuri, lakini haikupunguza gharama kwa kiasi kilichotarajiwa. Tena jiwe lenye vitundu huzuia baridi likiwa kavu tu. Likilowa, vitundu hujaa maji na kinga hupotea. Hii ni kanuni ya kila kitu cha kuzuia baridi, kuanzia blanketi hadi zege: kwanza zuia maji, ndipo uzuie baridi.

Mwaka 1929 wasanifu wa nchi mbalimbali walikutana Frankfurt kujadili nyumba ya mtu wa kipato cha chini kabisa. May alikuwa mwenyeji wao. Mdororo wa uchumi wa dunia ulipoanza mwaka ule ule, fedha za kujenga zilikauka.

Urusi, kisha Afrika Mashariki

Oktoba 1930 May aliondoka na kundi la wataalamu kwenda Umoja wa Kisovieti, ambako serikali ilitaka miji mipya ya viwanda ijengwe haraka. Kazi iliyojulikana zaidi ilikuwa mji wa chuma wa Magnitogorsk, katika eneo la milima ya Ural. Vifaa vilikosekana, amri zilibadilika mara kwa mara, na mipango mingi ilibaki kwenye karatasi.

Mwishoni mwa mwaka 1933 aliamua kuondoka, lakini hakuwa na pa kurudi. Wanazi walikuwa wameshika serikali ya Ujerumani tangu Januari mwaka ule, na walimhesabu miongoni mwa watu wasiotakiwa. Akiwa na umri wa miaka 47, mtu aliyewahi kuongoza ujenzi wa jiji zima alipanda meli na familia yake kuja Tanganyika, iliyokuwa chini ya Waingereza, akanunua shamba karibu na Arusha.

Alilima kahawa. Haukuwa wakati mzuri wa kuanza kilimo, kwa kuwa bei za mazao katika soko la dunia zilikuwa chini sana kutokana na ule mdororo. Mwenye shamba alipaswa kuhesabu kila senti, hali ambayo mkulima yeyote aliyeishi na kahawa anaielewa. Baada ya miaka isiyozidi minne aliachana na shamba, na mwaka 1937 alifungua ofisi ya usanifu Nairobi.

Kahawa ina somo lake kuhusu unyevu, na kila mkulima wa Akheri, Nkoaranga au Poli analo mikononi. Kahawa ya maganda iliyooshwa haianikwi juu ya ardhi. Huinuliwa juu ya kichanja chenye wavu ili hewa ipite chini yake, hadi unyevu ushuke kufikia asilimia 11 au 12. Ukiimwaga kwenye udongo hufyonza unyevu, harufu na ladha ya udongo. Ukuta wa nyumba unafanya hivyo hivyo ukikutana na ardhi bila kizuizi.

Maji hupandaje ukutani?

Chukua utambi wa kibatari. Chini umezama kwenye mafuta ya taa, juu unawaka. Hakuna anayeyasukuma mafuta, yanapanda yenyewe kupitia vijinjia vyembamba vya uzi. Tofali, chokaa, plasta na hata zege lililochanganywa vibaya vina vijinjia kama hivyo. Maji ya ardhini huingia kwenye msingi, hupanda ndani ya ukuta, na kwa kawaida hufika kimo cha karibu mita moja. Ndiyo maana alama ya unyevu huonekana kama mstari unaozunguka chumba.

Maji hayo hayapandi matupu. Hubeba chumvi zilizoyeyuka ardhini. Maji yakikauka usoni mwa ukuta, chumvi hubaki, na huo ndio unga mweupe tunaouona. Chumvi ikitanuka ndani ya plasta huipasua na kuibandua. Ardhi ya volkano ya Meru ina madini mengi. Wakazi wa Ngarenanyuki na Maji ya Chai wanajua kwamba maji yao yana floridi nyingi. Kwa hiyo asishangae mtu kuona ukuta ukitoa unga hata mahali pasipo na dimbwi.

Udongo wenyewe una tabia tofauti kutegemea ulipo. Kwenye miteremko, majivu ya zamani ya volkano yamefanya udongo laini unaonywa maji haraka na kuyatunza kwa muda mrefu. Unaifaa sana migomba, lakini nyumba iliyochimbiwa kwenye mteremko hupata unyevu kutoka chini na pia kutoka upande wa mlimani. Kwenye sehemu za tambarare upo mfinyanzi mweusi ambao huvimba wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi. Hapo msingi hucheza, ukuta hupata nyufa, na nyufa huwa njia nyingine ya maji. Anayejenga kwenye mfinyanzi mweusi amtafute mhandisi kwanza, maana karatasi ya kuzuia unyevu haisaidii kitu ikiwa msingi wenyewe unapasuka.

Nairobi, Kampala, Moshi

Tumrudie May. Nairobi alianza upya na kupata kazi za nyumba za watu binafsi na majumba ya kupangisha, yakiwamo ya Delamere. Vita Kuu ya Pili ilipoanza, Waingereza walimhesabu adui kwa kuwa ni Mjerumani, ingawa Wanazi nao walikuwa wamemkataa. Aliwekwa kizuizini Afrika Kusini kuanzia mwaka 1940 hadi 1942.

Alipoachiwa alirudi kwenye swali lake la zamani. Mwaka 1945 alibuni nyumba ndogo ya bei nafuu yenye fremu za zege zilizopinda kama upinde, ambazo mabamba ya zege yaliangikwa juu yake kwa kulabu. Mfumo huo haukuenea. Kuanzia mwaka huo huo alipanga upanuzi wa mji wa Kampala kwenye maeneo ya Kololo na Naguru, akifuata sura ya vilima. Kazi hiyo ina doa ambalo hatuwezi kulificha: ilikubali utaratibu wa kikoloni wa kuwatenga wakazi kwa rangi zao. Alikuwa na jicho kali kwa ardhi, mvua na jua, lakini hakupingana na ubaguzi wa zama zake.

Kazi zake nyingine ni hoteli ya Oceanic ya Mombasa, hospitali ya wazazi ya Aga Khan mjini Kisumu, na jengo ambalo wakulima wa kaskazini wanalijua vizuri zaidi, yaani la Chama cha Ushirika cha Wakulima wa Kahawa Kilimanjaro, KNCU, mjini Moshi. Jengo hilo lilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa nguvu ya fedha za kahawa. Mtu aliyeshindwa kutajirika kwa kahawa yake Arusha alikuja kuchora jengo la wakulima wa kahawa wa mlima jirani.

Mwishoni mwa mwaka 1953, akiwa na miaka 67, alirudi Ujerumani iliyokuwa imebomolewa na vita na kupanga vitongoji vipya Hamburg, Bremen na kwingineko. Alifariki Hamburg Septemba 11, 1970. Nyumba moja ya Römerstadt imetunzwa kuwa makumbusho yenye jina lake.

Mjenzi wa leo ajifunze nini?

Jambo kubwa katika maisha ya May ni utaratibu wa kuhesabu. Dari inaweza kusubiri. Vigae, rangi na hata madirisha ya alumini vinaweza kuja mwaka kesho. Kilicho chini ya sakafu hakisubiri, kwa sababu ukishamwaga zege huwezi kurudi kukiweka. Mafundi wazoefu hufuata hatua zifuatazo.

Kwanza ni maji ya juu ya ardhi. Kama kiwanja kiko kwenye mteremko, chimba mtaro upande wa mlimani kabla ya kuanza msingi, ili maji ya mvua yapite pembeni. Ukikata mlima kupata uwanja tambarare, usiujenge ukuta ukigusa kingo za udongo. Acha nafasi ya kupita mtu, iwe na mtaro wake. Ukuta unaolazimika kugusa udongo upigwe plasta ya saruji kwa nje, ukikauka upakwe lami ya maji mara mbili kabla ya kufukia.

Pili ni kimo. Msingi wa mawe unyanyuke juu ya ardhi ya nje angalau sentimita 30. Wengi hupunguza hapa ili kuokoa mawe na kifusi, kisha baada ya miaka michache bustani ya maua na kifusi cha barabara vinaifanya nje iwe juu kuliko ndani.

Tatu ni ujazo wa ndani. Ondoa udongo wa juu wenye mizizi. Jaza moramu kwa matabaka ya sentimita 15, ukimwagia maji kidogo na kushindilia kila tabaka. Kisha panga mawe na kokoto kubwa zisizo na vumbi. Nafasi kubwa kati ya mawe hukata zile njia nyembamba, hivyo maji hushindwa kupanda kama yanavyopanda kwenye udongo laini. Juu yake tandaza mchanga kidogo wa kulainisha, ili nailoni isitobolewe na ncha za mawe. Dawa ya mchwa, kama itatumika, ipigwe hapa na mtu anayejua vipimo vyake.

Nne ni nailoni nzito. Tumia ile ya geji 1000, ambayo unene wake ni karibu maikroni 250, wala si nailoni nyepesi ya kufunikia vitalu. Vipande vipandane kwa sentimita 30 na kubandikwa kwa utepe. Pembeni nailoni ipande hadi ikutane na DPC ya ukutani. Hapo ndipo kazi nyingi huharibika. Sakafu ina kinga na ukuta una kinga, lakini kati yake kuna upenyo wa vidole viwili, na maji hayahitaji zaidi ya hapo. Mwenye nyumba awepo siku ya kumwaga jamvi, maana toroli na reki huchana nailoni na zege hufunika ushahidi.

Tano ni jamvi lenyewe. Zege la uwiano wa ndoo 1 ya saruji, 2 za mchanga na 4 za kokoto, unene sentimita 10, lisizidishiwe maji. Maji ya ziada yakikauka huacha vitundu. Limwagiliwe kwa siku 7 mfululizo.

Sita ni DPC. Kabla ya kuitandika sawazisha juu ya msingi kwa udongo laini wa saruji. Karatasi ienee upana wote wa ukuta, na maungio yapandane kwa sentimita 15 au zaidi, hasa kwenye kona. Iwe angalau sentimita 15 juu ya ardhi ya nje. Baadaye fundi plasta asiipitishe plasta ya nje moja kwa moja hadi chini ya DPC, kwa kuwa plasta hiyo inakuwa daraja ambalo maji hupanda nalo na kuiruka karatasi uliyoinunua.

Saba ni paa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 50 humwaga lita 5,000. Bila gata, maji hayo yote huanguka hatua moja kutoka kwenye msingi wako. Weka gata, peleka maji kwenye tangi au shimo la kunyonyea lililo mbali na nyumba, na zungusha nyumba mkanda wa zege wenye upana wa sentimita 60 hivi unaoteremka kuelekea nje.

Kuhusu baridi, Arusha mjini iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na vijiji vya mlimani ni juu zaidi. Mwezi Juni na Julai sakafu huwa ya baridi, na mvuke wa ndani huganda kuwa matone kwenye kona. Hapo ndipo somo la pumisi ya Frankfurt linapofaa. Mawe mepesi ya volkano yanaweza kutumika chini ya jamvi badala ya kokoto za kawaida, mradi maji ya mvua yameshaelekezwa mbali na nyumba, na nailoni iwepo juu yake. Ukiruka hatua ya maji ukakimbilia ya baridi, umetandika godoro kwenye matope.

Kwa nyumba iliyokwisha kujengwa

Mwenye nyumba yenye unyevu tayari asikimbilie rangi ya mafuta. Rangi hiyo hufunga uso wa ukuta, maji hutafuta njia juu zaidi, na alama iliyokuwa magotini inafika kiunoni. Aanze na yaliyo nafuu: ashushe udongo uliolundikwa ukutani, achimbe mtaro, aweke gata, aondoe plasta iliyovuka DPC. Ukuta usubiriwe msimu mzima wa kiangazi ukauke ndipo upigwe plasta upya. Kuingiza DPC mpya kwenye ukuta uliosimama kunawezekana, kwa kukata kozi moja kipande kwa kipande, lakini kazi hiyo ni ya taratibu na ni ghali mara nyingi kuliko kuiweka mwanzoni.

Wakati huo mazao yakae juu ya vichanja vya mbao, yasiguse ukuta. Mahindi yaliyokaushwa hadi asilimia 13.5 yanaweza kurudisha unyevu yakikaa kwenye sakafu mbichi, na fangasi wa sumukuvu hawahitaji zaidi ya hapo. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula nafaka yenye sumu hiyo. Kuvu ya ukutani nayo si suala la urembo. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo mwaka 2009 ukihusisha unyevu wa ndani na pumu na matatizo mengine ya njia ya hewa. Watoto hulala karibu na ukuta huo huo.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ernst May alianza upya zaidi ya mara moja. Alijua kwamba mtu wa kipato kidogo hana fedha za kujenga mara mbili. Kwa hiyo, msomaji unayechimba msingi mwezi huu kabla ya masika, nenda dukani ukanunue nailoni na DPC kwanza, hata kama itabidi milango ya mbao ngumu isubiri mavuno yajayo.